Kuzuia, kudhibiti na kujizuia kwa Kiingereza: namna ya kuchagua neno na kulipanga kwenye sentensi

Karatasi nyingi zinazopita mezani kwangu, kwenye steshenari yangu ya Majengo hapa Dodoma, siku hizi ni za Kiingereza. Kuna maandiko ya miradi, barua za kuomba kazi, taarifa za utekelezaji zinazopelekwa Mtumba kwenye ofisi za serikali, na tasnifu za wanafunzi wa UDOM, St John's na Chuo cha Mipango. Mimi huchapa, na mwenyewe akiridhia, husahihisha. Mahali Mswahili anapojikwaa mara nyingi si kwenye misamiati mikubwa. Ni pale anapotaka kusema kwamba mtu au kitu kimezuiwa, kimekatazwa, kimedhibitiwa au kimejizuia. Sentensi inatoka na maana iliyopinda, na msomaji wa upande wa pili hayupo hapo wa kuulizwa ameelewa nini. Watu wamenyimwa fedha na nafasi kwa sentensi za namna hiyo, na inaniuma, kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa zuri.

Haya ndiyo ninayowaelekeza wateja wangu.

Ifute "not"

Mzee mmoja, mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, alileta andiko la kuomba fedha za uzio. Sentensi iliyobeba andiko zima ilisomeka hivi: "The fence will prevent the goats not to enter the vineyard." Nikamwambia, mzee wangu, hapa tunaifuta hii "not". Akavua miwani, akaniangalia. "Mwanangu, ukiifuta hiyo si mbuzi wataingia?"

Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo linaloonyesha kosa linapotoka. Kwa Kiswahili huwa tunazuia mara mbili: "uzio utawazuia mbuzi wasiingie". Kitenzi cha kwanza kinazuia, cha pili kinakanusha. "Alinikataza nisiende." "Mwavuli ulimkinga asilowe." Tunaweza pia kusema "kuwazuia mbuzi kuingia", lakini midomo yetu hukimbilia "wasiingie", na ni Kiswahili safi. Kiingereza huzuia mara moja tu. "Prevent" peke yake imeshabeba ukanushi wote, na kinachofuata ni "from" pamoja na kitenzi chenye "-ing": "The fence will prevent the goats from entering the vineyard." Kazi inayofanywa na "wasi-" kwa Kiswahili, kwa Kiingereza inafanywa na "from". Nilimwandikia mzee sentensi zote mbili kwenye karatasi, nikapiga mstari chini ya "wasi-" na chini ya "from", akaridhika.

Ukilishika hili umeshika zaidi ya nusu ya somo, kwa sababu vitenzi vingi vya kuzuia vinafuata njia hiyo hiyo: "stop", "keep", "discourage", "deter", "restrain", "prohibit", "ban", "bar". Kwanza anayezuiwa, kisha "from", kisha "-ing". "The rain stopped us from travelling to Kondoa." "The court barred him from selling the plot."

Utaona Waingereza wakiiangusha "from" baada ya "prevent" na "stop": "The rain stopped us travelling." Ni sahihi. Ila kwa "keep" usithubutu, maana inageuka. "Keep the children from running" ni kuwazuia watoto wasikimbie. "Keep the children running" ni kuwafanya waendelee kukimbia. Neno moja dogo likidondoka, unapata kinyume chake.

"Forbid" ina njia yake. Njia salama ni "to": "My father forbade me to go." Wakati uliopita ni "forbade", na "forbidden" inakuja pale unaposema kitu kimekatazwa. "Forbid me from going" nayo utaikuta, na wengi wanaikubali, lakini kwenye maandishi rasmi mimi huweka "to".

Kuna makosa mawili mengine ambayo ni yetu kabisa, Waswahili wa Tanzania na Kenya, na yanaingia hadi kwenye taarifa za watu waliosoma sana.

La kwanza ni "refuse". Tunasema "baba alinikatalia kwenda", kisha tunaandika "My father refused me to go." Kwa Kiingereza anayefanya "refuse" anakataa kufanya jambo yeye mwenyewe, au anamnyima mtu kitu. "He refused to go" maana yake yeye ndiye aliyegoma kwenda. "The bank refused me a loan" iko sawa, kwa sababu mkopo ni kitu na nimenyimwa. Lakini kumkataza mtu kitendo, tumia "forbade me to go", au "refused to let me go", ambayo ni laini zaidi na inasikika kama mazungumzo ya nyumbani.

La pili ni "avoid". Nakutana na sentensi kama hii: "We locked the store to avoid people from stealing." "Avoid" ni kuepuka, na mtu huepuka kwa ajili yake mwenyewe. Ninaweza "avoid" barabara yenye foleni, ninaweza "avoid travelling at night". Siwezi kum-"avoid" mwizi asiibe, huyo nitam-"prevent". Na baada ya "avoid" usiweke "to" hata siku moja: ni "avoid going", wala si "avoid to go".

"Stop" nayo ina mtego. "He stopped drinking" ni ameacha pombe. "He stopped to drink" ni alisimama njiani ili anywe. Kwenye barua ya kumtetea ndugu kazini, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Dhibiti ya Kiswahili imebeba mizigo mingi

Ukipita Dodoma mjini utasoma neno "udhibiti" kwenye mabango ya ofisi, na ni rahisi kudhani kila mahali Kiingereza chake ni "control". Sivyo. EWURA kwa Kiswahili ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na LATRA ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Herufi R kwenye majina hayo mawili inatokana na "regulatory". Halafu kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye watu humwita CAG: hapo C ni "Controller".

Tofauti ishike hivi. "Regulate" ni kuweka kanuni, leseni na viwango, kisha kusimamia vifuatwe, wakati kitu chenyewe kiko mikononi mwa mwingine. "Control" ni kukiweka chenyewe chini ya mkono wako. Kwa hiyo "LATRA regulates buses", lakini "the driver controls the bus". Ukiandika kwamba LATRA "controls" mabasi, msomaji wa nje anaweza kudhani mabasi ni ya serikali. Nikiwa hapo hapo niseme na walimu: ofisi inayokagua shule zetu inajiita Uthibiti Ubora, kwa "th", na Kiingereza chake ni "quality assurance". Usiiandike "quality control", ambayo ni msemo wa viwandani zaidi.

"Control" ina historia inayosaidia kulikumbuka. Ilizaliwa kwenye vitabu vya hesabu. Kwa Kilatini cha zama za kati kulikuwa na "contrarotulus", yaani orodha ya pili iliyotunzwa ili kulinganishwa na ya kwanza, ionekane kama fedha zilizoandikwa zinafanana. Maana ya kutawala ilikuja kutokana na maana hiyo ya kuhakiki. Ukiitazama ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977 utaona kazi ya CAG bado ina harufu ya chanzo hicho: anahakikisha fedha haitoki Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini, kisha anakagua matumizi yake.

Maana hiyo ya zamani inawasumbua sana wanafunzi wa utafiti bila wao kujua. Wanakutana na "control group" wanaandika kwa Kiswahili "kundi linalodhibitiwa". Hilo ni kundi la kulinganishia, lile ambalo halikupewa dawa au mbinu inayojaribiwa, ili matokeo ya kundi jingine yapimwe dhidi yake. Ukiikumbuka ile orodha ya pili, hutakosea tena.

Wanafunzi wa afya na mifugo wana jambo jingine la kuangalia: "control" haimaanishi kumaliza. Kuna ngazi tatu, na wataalamu wanazitofautisha kwa makini. "Control" ni kupunguza ugonjwa au wadudu hadi kiwango kinachovumilika, na kazi ya kuwapunguza inaendelea. "Eliminate" ni kuondoa katika eneo fulani, au kushusha hadi usiwe tena tatizo la afya ya jamii, na ndiyo maana taarifa za trakoma, ugonjwa wa macho ambao Kongwa imeufahamu kwa miaka mingi, zinasema "elimination as a public health problem". "Eradicate" ni kufuta duniani kote, kusibaki hata mgonjwa mmoja. Ndui ilitangazwa kufutwa mwaka 1980, na sotoka, iliyokuwa ikiteketeza ng'ombe wa wafugaji wetu, mwaka 2011. Kijana akiniletea andiko la kweleakwelea kwenye mashamba ya uwele na mtama, na ameandika "eradicate quelea birds", namrudisha kwenye "control". Ndege wale ni makundi makubwa na wanahama nchi hadi nchi. Mfadhili akisoma "eradicate" atajua mwandishi hajui anachoahidi.

Kisarufi, "control" ikiwa kitenzi haitaki kihusishi: "to control the birds", si "to control over the birds". Ikiwa nomino ndipo unapata "control of" au "control over". Halafu "under control" ni kitu kimedhibitiwa, kama moto. "In control" ni mtu anayedhibiti. Nimeona barua inayosema "The manager is under control". Mwandishi alitaka kumsifu meneja.

"Prevent" na "curb" nazo zitofautishe kwa wakati. TAKUKURU ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na kwa Kiingereza kuzuia huko ni "prevention", yaani kabla haijatokea. "Curb corruption" ni kuipunguza makali ikiwa tayari ipo. Na "contain" ni kuzuia kisisambae: moto, mlipuko wa ugonjwa, hasira. Kipindupindu kikishaingia mtaani, umechelewa kuandika "prevent the outbreak", andika "contain".

Maneno yaliyotoka kwa wanyama

Kundi hili nalipenda kuliko mengine, na ninaamini watu wa Dodoma tunaweza kulielewa haraka kuliko mtoto wa London wa leo, kwa sababu bado tunawaona wanyama wanaofungwa. Punda wanabeba maji, maksai wanalima. Maneno mengi ya Kiingereza ya kuzuia yalitoka huko, hasa kwa farasi.

"Rein" ni ugwe wa hatamu, ule unaoshikwa mkononi. Sisi tulikuwa na msemo wa "chama kushika hatamu" enzi za chama kimoja, kwa hiyo "take the reins" huhitaji kufundishwa: ni kushika hatamu za uongozi. "Rein in" ni kuvuta ugwe ili mnyama apunguze mwendo, na hutumika kwa matumizi ya fedha au kwa mtu anayevuka mipaka: "The council must rein in its spending." "Keep a tight rein on" ni kubana. "Give free rein to" ni kulegeza, kumwachia mtu afanye atakavyo.

"Curb" ni mnyororo mdogo au ukanda unaopita chini ya taya la farasi. Ukivuta hatamu unambana. Ndiyo maana "curb" inataka jambo lenye nguvu ya kukimbia: bei, hasira, ukataji wa miti. "Curb charcoal burning" inakaa vizuri. "Curb the chair" haina maana yoyote. Ikiwa nomino huja mara nyingi kwa wingi: "curbs on imports". Na usishtuke ukikuta Wamarekani wanaliita "curb" lile jiwe la pembeni mwa barabara. Waingereza huandika "kerb".

"Bridle" ni hatamu nzima ya kichwani. Kama kitenzi ina maana ya kuzuia, lakini "bridle at" ni jambo jingine: ni kukereka na kuonyesha, kama farasi anavyoinua kichwa akivutwa. "She bridled at the suggestion." "Unbridled" karibu mara zote huambatana na tamaa au jambo lililopita kiasi. Usimwandikie mtu barua ya kumtambulisha ukamsifu kwa "unbridled ambition".

"Tether" ni kamba ya kumfungia mnyama kwenye kigingi ale majani ya hapo hapo. Punda akifika mwisho wa kamba hana pa kwenda, na ndipo unapata "at the end of my tether", nimefika mwisho wa uvumilivu wangu. "Hobble" ni kumfunga miguu ya mbele ili atembee kwa shida asipotee: "a business hobbled by debt". "Muzzle" ni kumfunga mdomo, na hutumika hasa kwa vyombo vya habari vilivyonyamazishwa. Hilo ni neno la lawama. Afisa akiandika kuhusu ofisi yake mwenyewe hawezi kusema "we muzzled the reporters", hata kama ndicho kilichotokea.

Kujizuia

Hapa panahitaji sikio. "Restrain", "constrain" na "refrain" zinafanana kwa sauti lakini kazi zake ni tatu tofauti.

"Restrain" ni kumshika mtu au kitu kilichotaka kwenda. Askari anam-"restrain" mtu anayetaka kupigana. Ukijizuia wewe mwenyewe, weka "yourself": "I restrained myself from answering." "Refrain" haihitaji "yourself" kwa sababu kujizuia kumo ndani yake: "I refrained from answering." Kwa hiyo ukiandika "refrain yourself" umerudia, na ukiandika "refrain him" umekosea, maana huwezi kufanya "refrain" kwa mtu mwingine. Asili yake ni "frenum" ya Kilatini, ambayo ni hatamu ile ile. Mtu anajitia hatamu mwenyewe. Kiitikio cha wimbo kinachoitwa "refrain" ni neno la asili nyingine, yamefanana tu kwa sura.

"Constrain" ni kubanwa na hali: fedha, muda, sheria, barabara mbovu. Mara nyingi utaitumia kama nomino: "budget constraints", "time constraints". Kwenye maandiko ya miradi kuna sehemu ya changamoto, na watu huandika "restraints" hapo. Wabadilishe wote waweke "constraints". "Restraints" kwa wingi mara nyingi ni pingu au mikanda ya kumfungia mtu. Ukisema mradi wako ulikuwa na "several restraints", picha inayokuja ni ya mahabusu.

Lakini "restraint" kwa umoja, bila "a", ni sifa nzuri sana: kiasi, utulivu, kujizuia mtu anapokuwa na uwezo wa kufanya zaidi. "She spoke with restraint." Ndilo neno la wanadiplomasia wanapoziomba pande mbili zitulize mambo: "exercise restraint". Kwenye barua ya kumtambulisha mfanyakazi anayeshughulika na wateja wakali, "he shows restraint under pressure" ni sifa nzito kuliko "he is very polite", na mimi nikiona inamfaa mhusika huipendekeza.

"Restrain" na "constrain" ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kilatini, "stringere", kukaza au kubana. Wamo "strict", "restrict", na hata "district": ilianza kama eneo ambalo bwana fulani alikuwa na mamlaka ya kuwabana watu wake. Mkuu wa wilaya mmoja nilipomweleza alicheka sana.

Tahajia

Andika "controlled" na "controlling" kwa l mbili, lakini "controls" kwa moja. "Restraint" na "constraint" zina t mwishoni zikiwa nomino, kitenzi hakina. "Withhold" ina h mbili mfululizo katikati, na wengi huacha moja, hata kwenye nyaraka za "withholding tax", ile kodi ya zuio inayokatwa kabla hujalipwa chako. Wakati uliopita ni "withheld". Amri ya mahakama inayosimamisha jambo, ambayo sisi huiita zuio, kwenye nyaraka za hapa nchini ni "injunction". "Restraining order" utaisikia zaidi kwenye habari za Marekani, mtu akiamriwa asimkaribie mwenzake.

Na "free rein" haina g. "Reign" ni utawala wa mfalme, "rain" ni mvua, na zote tatu hutamkwa sawasawa. Kompyuta haitakuwekea mstari mwekundu ukiandika "free reign", kwa kuwa "reign" nayo ni neno halali, kwa hiyo lisome hilo kwa macho yako kabla hujabonyeza kuprinti.